Jumamosi za Kiwanda cha Mawingu

Jumatatu, 4 Machi

Shajara hii ni ya mwaka jana. Wauza plasta waliileta kliniki kama zawadi na hakuna aliyeitaka, kwa hiyo nimefuta siku zao na kuandika zangu juu yake. Daktari ndiye aliyesema niandike, hata mstari mmoja kwa siku. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia watu wasukutue kwa maji ya chumvi. Haya, nasukutua. Mvua haijaanza.

Jumanne, 5 Machi

Hakuna jipya.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma nilichoandika juzi nikaona hakina kichwa wala miguu. Basi kwa atakayeisoma hii nikishakwenda, labda binti yangu akitafuta hati ya nyumba: mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nachonga nta, namwaga plasta, napanga meno, natuma kwa Daktari chumba cha pili. Mume wangu alikuwa fundi wa lifti. Mwezi wa kwanza aliitwa kwenye jengo ambalo lifti imekwama, akapanda kwa miguu na begi la spana begani, akaketi kwenye ngazi apumzike, hakuinuka tena. Fundi wa lifti kafia kwenye ngazi. Ingekuwa ni mtu mwingine, yeye mwenyewe angecheka wiki nzima.

Sijalia. Msibani watu walinishika mikono wakingoja nilie, nikawaonea huruma kwa kuwachelewesha. Si kwamba najikaza. Natafuta ndani nakuta hakuna kitu.

Alhamisi, 7 Machi

Mataya mawili ya juu, moja la chini. Joto.

Jumamosi, 9 Machi

Wamekuja wale watu wake.

Miaka yote Jumamosi mchana ilikuwa yao. Mimi nilikwenda kliniki asubuhi, kisha kwaya, nikirudi nakuta vikombe vichafu na harufu ya watu waliokaa kimya muda mrefu. Walikuwa wanasikiliza bendi moja, hiyo hiyo tu, ya watu watano wenye nywele ndefu ambao waliacha kupiga zamani, wakati mimi na mzee wangu bado hatujajuana. Nyimbo zenyewe hazina pa kuchezea. Wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri, kinanda kinazunguka, filimbi inaingia, ngoma zinasimama ghafla, unadhani umeisha, kumbe ndiyo kwanza unaanza. Nilimwambia mzee wangu mara nyingi kwamba hao wanafanya mazoezi, na siku wakiwa tayari aniite. Alicheka, hakuniita.

Leo sikuwa na nguvu ya kwenda popote, kwa hiyo walinikuta. Mlango wetu wa sebuleni haufunguki wote. Nyuma yake ipo meza ya mashine ya santuri, na kitasa kinagonga pembe ya meza. Tangu tumeoana nilimwambia aihamishe. Alihamisha kabati, akahamisha makochi, akahamisha mpaka soketi ya umeme, meza akaiacha. "Hapo pamekaa vizuri," ndiyo ilikuwa hoja yake. Kwa hiyo wageni wa nyumba hii huingia kwa ubavu. Kwanza aliingia Mwalimu, aliyekuwa akifundisha hesabu kabla hajastaafu, mwembamba, hapati shida. Kisha Kinyozi, ambaye duka lake liko mwisho wa mtaa wetu. Kisha Mkunga, ambaye ndiye aliyemzalisha binti yangu na ambaye Mungu amemjalia mwili. Yeye huingia kwa awamu.

"Shemeji," Mwalimu alianza, akasimama kama yuko mbele ya darasa. "Tumekuja na ombi. Kila masika tuna mzunguko wetu. Kila mmoja anachagua wimbo mmoja anaoupenda kuliko zote, anatupigia, tunanyamaza mpaka uishe, halafu anatueleza ulimshikia wapi. Marehemu ndiye aliyekuwa anafunga. Sasa tunaomba mzunguko huu tuumalizie hapa hapa kwake. Baada ya hapo, mashine na santuri utaamua wewe."

"Nimeshaamua," nikamwambia. "Mvua zikiisha binti yangu anakuja na gari kunichukua. Mimi nahamia kwake. Santuri chukua wewe, Mwalimu."

Walitazamana. Mkunga akasema, "Wifi, unahama kabisa?" Nikasema ndiyo. Binti aliniuliza baada ya arobaini, nikakubali kama mtu anayekubali kuongezewa chai. Na hawa nao niliwakubalia hivyo hivyo, kwa kuwa kukataa kunahitaji nguvu.

Wakafungua kwa wimbo wa marehemu, kumheshimu. Jina lake la kigeni siwezi kuliandika. Wao wanauita Kiwanda cha Mawingu, na yeye ndiye aliyeubatiza. Niliuacha ukizunguka nikaenda jikoni kuchemsha maji. Nilikuwa napanga vikombe niliposikia wote watatu wakisema, kwa pamoja, kwa sauti ya chini: "Karibu."

Nilidhani mtu amebisha hodi. Nikatoka na trei mkononi. Hakukuwa na mtu mlangoni. Wamefumba macho wote, wimbo unaendelea, hakuna aliyenitazama. Nikarudi jikoni na trei yangu. Wazee wakikaa pamoja muda mrefu huota tabia, na hizi ni zao.

Jumapili, 10 Machi

Binti amepiga simu. Ananiuliza nimekula nini, namtajia kitu chochote. Amesema chumba changu kimeshapakwa rangi.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza mchana. Imenikuta njiani na sikukimbia.

Ijumaa, 15 Machi

Mgonjwa mmoja aliyechomwa sindano ya ganzi ameuma shavu lake akidhani ni pamba. Damu imetapakaa mpaka kwenye kola, yeye anatutazama anashangaa tunahangaika nini. Nilimwelewa sana yule mtu.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Dari la sebuleni linavuja palepale panapovuja kila mwaka. Yeye ndiye aliyekuwa anapanda juu kuziba. Nimeweka ndoo.

Jumamosi, 23 Machi

Zamu ya Mwalimu. Ameleta wimbo uitwao Mizani, hauna mwimbaji hata mmoja, ni vyombo vitupu vinavyobishana. Kabla hajaanza alisikiliza tone la ndoo, akakunja uso.

"Shemeji, samahani. Hilo tone linakwenda nje ya mapigo."

"Nilikemee?"

Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu akachukua kitambaa changu cha jikoni, akakitandika ndani ya ndoo, tone likawa halisikiki. Mtu aliyesoma.

Safari hii nilikaa nao, pembeni, kwenye kiti cha plastiki. Sikuwa na kazi ya kwaya, nimeiacha. Niliutazama mguu wa Mwalimu ukigonga mapigo. Kumi na moja, anaanza upya. Kumi na moja, anaanza upya. Ulipoisha alitueleza kwamba ulimkuta akisahihisha mitihani dirishani, jirani yake akiupiga. Alishika kalamu hewani mpaka ukaisha, na darasa zima lile alilipa alama za kufaulu kwa sababu hakukumbuka tena alikuwa na hasira ya nini. Wengine wamesikia kisa hiki kila masika na bado walitikisa vichwa kama kipya.

Kisha akanigeukia mimi, mwanafunzi mpya. "Lakini wa marehemu, shemeji, ule ni mwisho wa akili. Pale katikati, ngoma zinakwenda nane, nane, nane, halafu ghafla saba! Pigo moja wamelimeza, na mwimbaji anaruka nalo. Nimewaeleza walimu wa muziki hili, hawaniamini. Ni mara moja tu katika wimbo mzima. Mpiga ngoma wa namna ile hazaliwi tena."

"Na mume wangu alisemaje ukimweleza hivyo?"

"Alikuwa anaitikia tu. 'Mwalimu, wewe umesoma.' Ndiyo neno lake."

Nilijua ile sauti ya "wewe umesoma." Alikuwa akinitolea mimi pia nikimweleza bei za sokoni. Nilitaka kutabasamu, uso haukunisaidia. Nikaenda kumwaga ndoo.

Jumapili, 24 Machi

Binti amepiga. Mvua kwao pia.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeanza kufungasha. Nimefunga sanduku moja, nikaketi juu yake mpaka giza likaanza kuingia. Ndani nimeweka mashuka. Sijui kwa nini mashuka, kwani kwake hakuna?

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Taya moja limepasuka kwenye maji ya moto, kosa langu.

Jumamosi, 6 Aprili

Zamu ya Kinyozi. Yeye wimbo wake ni mfupi, na wenzake hawamsamehe kwa hilo. Ni wimbo ambao ukienda kuwasha jiko unakuta umeisha.

"Huo si wimbo," Mwalimu alisema, "hicho ni kikohozi. Waliupiga siku wamechoka."

"Nyamaza, zamu yangu."

Unaitwa Kioo. Gitaa moja, sauti moja, basi. Kwa mara ya kwanza nilisikia kitu katika bendi ile ambacho mtu angeweza kukiimba akifua. Ulipoisha Kinyozi alikaa kidogo akisugua viganja, halafu akaniambia mimi, si wao.

"Shemeji, nilikuwa najifunza kazi. Bosi wangu katoka, kaingia mteja anataka ndevu kwa wembe. Sijawahi kumnyoa mtu kwa wembe. Nimemshika kidevu, mkono unatetemeka mpaka naona aibu. Yule mteja ana redio yake ya kaseti mapajani. Akaibonyeza, akaniambia, 'Dogo, usiufikirie wembe. Sikiliza huu, ukiisha na wewe utakuwa umemaliza.' Ukaisha, nikawa nimemaliza. Hakuna tone la damu." Akajipangusa paji la uso. "Mzee wako alikuwa amefumba macho muda wote. Shingo yake ameniachia."

Sikukijua kisa hicho. Mtu unalala naye kitanda kimoja, halafu unaletewa habari zake na kinyozi. Nilidhani nitahisi wivu au furaha au chochote. Niligundua tu kwamba nimeshika kikombe kitupu kwa mikono miwili na sikumbuki nani alikuwa anakinywea.

Jumapili, 7 Aprili

Binti anauliza mnafanya nini siku hizi Jumamosi. Nikamwambia nasikiliza watu wakipenda kitu. Akasema, "Mama, uko sawa kweli?"

Jumatano, 10 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Kinyozi amenipungia mkono akiwa dukani, na kichwa cha mtu chini ya mkono mwingine. Nami nilimpungia. Zamani nilikuwa nikipita pale namchukia kidogo kwa kunimalizia Jumamosi zangu. Nimejaribu kukumbuka ile chuki ilikaaje, siioni.

Jumamosi, 20 Aprili

Zamu ya Mkunga. Wimbo wake ni mrefu kupita wa Mwalimu, na mwimbaji hatokei. Kinanda kinapanda, kinashuka, kinakata tamaa, kinapanda tena. Nilikuwa nimeshakubali kwamba hakuna mwimbaji, ndipo mwishoni kabisa akatoka na sauti moja kali, ya juu. Mkunga alifumbua macho yake yamelowa.

"Mnaona?" akasema. "Wote mnauliza anakuja saa ngapi. Anakuja akiwa tayari. Mimi nikiwa na mama anayejifungua amechoka huwa nausikia huu kichwani, naacha kumharakisha."

"Na ulikushikia wapi?" Mwalimu akauliza. Lazima aulizwe, ndiyo utaratibu.

"Hapa hapa. Kwenye hicho kiti anachokalia wifi, ila kilikuwa cha mbao. Nilikuja kumtazama mtoto kitovu, baba mtu akaniambia subiri kidogo, mtoto amelala, sikiliza. Chai ikapoa." Akanitazama. "Wewe ulikuwa chumbani umelala pia, wifi. Ulikuwa umechoka kweli kweli."

Aliponiaga alinishika usoni kwa mikono yote miwili, akanikagua kama anavyokagua watu. "Hujatoa chozi bado," akasema. Si swali. Nikamwambia bado. "Sawa. Hatuharakishi."

Alhamisi, 25 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi, mfereji wa mtaa ukajaa, Daktari akafunga kliniki, tukarudi nyumbani mapema. Nilikuwa nimekaa sebuleni. Maji yakaanza kuingia chini ya mlango. Kwanza ulimi mdogo, halafu sakafu nzima ikaanza kung'aa. Santuri zake ziko rafu ya chini, kando ya meza, zimesimama kwa mfuatano wa miaka. Niliyaona maji yakienda kule. Nilijua yanakwenda wapi. Nilijua ni kazi ya kuinuka tu, hatua chache, kushika, kuweka juu ya kochi. Sikuinuka. Sikuwa nimekataa, wala sikuwa nimetaka. Nilitazama maji yakifika kwenye rafu kwa namna mtu anavyotazama taarifa ya habari ya nchi ya mbali.

Mlango ukagonga meza kwa kishindo. Kinyozi, hana viatu, suruali ameikunja magotini. Nyuma yake mtu nisiyemjua, shuka la kinyozi shingoni, nusu ya kichwa amenyolewa na nusu bado, ameshika mwavuli ndani ya nyumba.

"Shemeji! Santuri!"

Wakazibeba wao. Yule mteja alizipokea moja moja kama anapokea mayai, akiuliza kila mara, "Hii juu au chini?" Kinyozi alikuwa anapiga magoti majini. Ilipoisha rafu ndipo aliponitazama, akaona nimekaa, miguu yangu iko kwenye maji, viatu nimevaa. Alikwenda bafuni akarudi na ndoo, akaanza kuchota.

Hapo nikaona aibu. Ilinipanda kifuani mpaka masikioni, moto kabisa. Niliinuka nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa majalada, na huku napangusa nikajiambia: aibu ni kitu. Tangu mwezi wa kwanza hiki ndicho kitu cha kwanza.

Moja tu ndiyo iliyolowa sana, ile iliyokuwa ya mwisho kwenye rafu, Kiwanda cha Mawingu. Jalada limevimba, picha imebanduka. Santuri yenyewe Kinyozi aliifuta kwa taulo la dukani akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Nzima," akasema. Kisha akamkumbuka mteja wake, wakaondoka wakikimbia. Nusu ile nyingine, nadhani, aliimalizia bila malipo.

Jumapili, 28 Aprili

Nimemweleza binti habari ya maji. Sikumweleza kwamba nilikuwa nimekaa. Akasema, "Ule wa Baba umelowa? Mama, usijali, namwagizia mpya. Siku hizi wanazitoa tena, safi, kama siku ya kwanza." Amesema "namwagizia," kana kwamba yupo. Hakujisahihisha, nami sikumsahihisha.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua inapungua. Masanduku matatu tayari.

Alhamisi, 9 Mei

Santuri mpya imefika kliniki, imefungwa vizuri. Inanuka kiatu kipya.

Jumamosi, 11 Mei

Leo ilikuwa zamu ya marehemu. Walikuja wamevaa vizuri. Kinyozi amenyoa ndevu zake mwenyewe, jambo la nadra. Mvua ilikuwa ya manyunyu tu na ndoo haikuhitajika. Niliwaonyesha zawadi ya binti, Mwalimu akaitoa kwenye jalada kwa kucha, akaigeuza kwenye mwanga. "Shemeji, hii ni heshima. Leo tutausikia kama ulivyorekodiwa."

Wakafumba macho. Mimi sikufumba, kwa kuwa nilitaka kuwaona. Na kweli sauti ilikuwa safi, nilisikia mpaka pumzi ya mpiga filimbi. Kinanda kikazunguka, ngoma zikaingia, mguu wa Mwalimu ukaanza. Nane, nane, nane. Niliona vifua vyao vinajaa. Wote watatu wakafungua midomo.

Wimbo ukapita. Laini, bila kigugumizi, kama gari kwenye lami.

"Ka...ribu," Kinyozi alisema peke yake, amechelewa, na neno lake likabaki pale katikati ya chumba. Mkunga alibaki na mdomo wazi. Mwalimu alifumbua macho. Kisha akafanya ambalo nadhani halijawahi kufanyika katika nyumba hii. Aliinuka wimbo ukiwa bado unapiga, akanyanyua mkono wa sindano.

"Nane," akasema. "Wamepiga nane."

"Umehesabu vibaya," Kinyozi akamwambia.

"Mimi?"

Wakarudia. Nane. Mwalimu akaichukua ile ya zamani, iliyokauka, akaiweka. Tukangoja. Ilipofika pale, spika ikafanya "ko," kama mtu amegonga, na mwimbaji akaruka mbele. Saba. Mwalimu akaitoa, akaenda nayo dirishani, akaiinamisha huku na huku, akauona. Mkwaruzo mmoja, mfupi, unaokata mistari.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "nimekuwa nafundisha watu mkwaruzo."

Kinyozi alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akakaa chini kwenye sakafu. "Mpiga ngoma wa namna ile hazaliwi tena!" Mkunga naye akaanza, kochi likawa linatikisika. "Na mzee anakuitikia! Wewe umesoma, Mwalimu!" Na Mwalimu mwenyewe, maskini, mdomo ukaanza kumcheza.

Mimi nikauliza. "Kwa nini mnasema karibu?"

Mkunga alijipangusa macho. "Hakukwambia? Alituambia pale ndipo mke wake anapoingia. Basi sisi tukawa tunakukaribisha. Kila mara. Mtu mpya akija tunamfundisha, hapo lazima useme karibu, anaingia shemeji."

"Tulidhani ni mapenzi tu," Kinyozi akasema. "Mtu na wimbo wake. Hatukuuliza."

"Alisema lini?"

"Mimi aliniambia siku ile ile ya kitovu," Mkunga akajibu. "Alisema, 'Juzi mama yake kaingia naye, hapo hapo.' Ilikuwa kweli juzi, mimi mwenyewe ndiye niliyewaruhusu kutoka hospitali. Ilikuwa inanyesha."

Niligeuka nikautazama mlango. Nikatazama kitasa, nikatazama pembe ya meza palipolika rangi. Nikaikumbuka siku ile, ambayo nilikuwa sijaifikiria tangu ilipopita. Mtoto kwenye kanga, mikono yangu imejaa, mvua mgongoni. Niliusukuma mlango kwa nyonga, kwa nguvu, nikasikia kishindo na kelele ya kukwaruza. Yeye alikuwa amechutama mbele ya mashine. Aliinuka haraka, akaitazama meza, akanitazama mimi, mdomo wazi. Nilidhani kumwona mtoto kumemshika. Halafu akasema neno moja tu, "Karibu," akanipokea.

Hakuwahi kunieleza. Ndiyo santuri yake aliyoipenda kuliko zote, nikaiumiza, na yeye akaigeuza kuwa mlango. Akaiacha ile meza palepale. Nikagomba miaka yote kuhusu ile meza, na yeye ananijibu pamekaa vizuri.

Nilianza kwa kucheka. Nilicheka kwa ajili ya Mwalimu na mapigo yake saba, kisha sijui ni wapi kicheko kilipogeuka. Nililia vibaya, kwa sauti, kamasi zinatoka, nikashika pembe ya meza ile kwa mikono miwili. Nilimtaka mume wangu. Nilimtaka aingie kwa ubavu na begi lake la spana. Mkunga alinishika kwa nyuma, hakusema nyamaza. Kinyozi alinipa taulo la dukani, lina nywele za watu, nikalitumia hivyo hivyo.

Tulipotulia Mwalimu aliuliza kwa adabu kama turudishe ile ya zamani kutoka mwanzo. Tukairudisha. Ilipogonga, wakasema, "Karibu."

"Nimekaribia," nikajibu.

Jumapili, 12 Mei

Kila kitu kinauma. Kikombe chake kinauma, msumari wa kofia yake unauma. Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, 13 Mei

Mgonjwa amemuuliza Daktari: "Ganzi ikiisha itauma?" Daktari akamwambia, "Itauma. Ikianza kuuma ujue mdomo ni wako tena." Nilikuwa mlangoni na taya la watu mkononi. Nilirudi chumbani kwangu nikalia dakika chache, nikaendelea na nta.

Jumatano, 15 Mei

Hakuna mvua. Nimefungua sanduku la mashuka nikatandika kitanda.

Alhamisi, 16 Mei

Mwalimu amepita kuniomba ile santuri mpya aazime. Nikamwambia azichukue zote kama tulivyokubaliana. Alitazama rafu, akanitazama, akasema anataka hiyo moja tu. "Nijaribu kuizoea nane," alisema kwa huzuni. Kinyozi amepanda juu ya paa kuziba dari. Ameliziba vibaya, lakini amepanda.

Jumamosi, 18 Mei

Jua tangu asubuhi. Binti yangu amekuja na gari la kukodi na dereva wake. Nilimsikia akiongea nje, akimwambia dereva ageuze, makochi yatatoka kwanza. Sikutoka kumpokea. Nilikuwa nimechutama mbele ya mashine, nikiteremsha sindano juu ya ile ya zamani.

Akausukuma mlango kwa haraka zake. Kitasa kikagonga meza, sindano ikaruka.

"Mama! Hii meza bado tu hamjaihamisha?"

"Karibu," nikamwambia.

"Karibu? Kwani mimi mgeni?" Alisimama pale katikati ya mlango, nusu ndani nusu nje, akaona rafu imejaa, akaona masanduku yamefunguliwa, akanitazama machoni kwa muda. "Mama, umekuwa unalia?"

"Ndiyo. Mwambie dereva azime gari, ingia ukae. Wenzangu wanakuja mchana, lakini wewe nataka usikie kabla yao. Na unyamaze mpaka uishe."

Aliingia kwa ubavu, kama watu wote wa nyumba hii.

Mkwaruzo sasa ni miwili.